Mfupa Uliokataa Kuunga na Mashine za Sumakuumeme: Mwongozo kwa Msomaji wa Kasindi

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya RN4, zile kilomita takribani 80 za kutoka Beni hadi Kasindi, mara nyingi mfupa unaovunjika ni wa muundi. Ngozi ya hapo ni nyembamba, nyama ni chache na damu inayofika si nyingi. Kwa hiyo muundi huchelewa kuunga kuliko mifupa mingi ya mwili.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyevunjika, au ndugu unayemuuguza. Miezi imepita, mguu bado unauma, na sasa mtu anakuambia ipo mashine ndogo ya sumaku ya kuvaa mguuni ambayo itamaliza kazi. Mashine za namna hiyo zipo kweli, na madaktari wamezitumia tangu miaka ya 1970. Lakini kazi yao ni moja na ni nyembamba. Anayezinunua kwa kazi nyingine anapoteza pesa ambazo zingelipia picha ya eksirei, nauli au upasuaji. Soma kabla ya kutoa dola hata moja.

Mfupa hujiunga vipi

Mfupa ukivunjika, damu huganda penye mvunjiko. Ndani ya wiki mbili au tatu seli hujenga pale kiungo laini chenye asili ya gegedu. Kiungo hicho hugeuka taratibu kuwa mfupa mgumu, na baadaye, kwa miezi hata miaka, mwili huuchonga upate umbo lake. Mkono wa mtu mzima mara nyingi hushika kwa wiki 6 hadi 8. Muundi huhitaji miezi mitatu, minne au zaidi, hasa kama ngozi ilichanika.

Ili kazi hiyo ifanyike, mambo matatu lazima yawepo: ncha za mfupa zikutane, zitulie bila kuchezacheza, na damu safi izifikie bila usaha. Mashine ya sumaku haileti hata moja kati ya hayo matatu. Haivuti ncha zilizopishana. Haishiki mfupa unaotikisika. Haiui vijidudu. Ukiliweka hili akilini, muuzaji atapata shida kukudanganya.

Sumakuumeme inaingilia wapi

Mwaka 1957 Wajapani wawili, Eiichi Fukada na Iwao Yasuda, walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa umeme kidogo sana. Wanasayansi wakauliza: je, tukipeleka umeme kidogo kwenye mfupa uliovunjika, seli zitachochewa kujenga? Upasuaji wa kuingiza nyaya mwilini una hatari zake, kwa hiyo Andrew Bassett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakatumia koili inayowekwa juu ya ngozi au juu ya plasta. Umeme ukipita kwenye koili kwa mapigo ya haraka, uga wa sumaku hupanda na kushuka, na mabadiliko hayo huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya mguu. Mgonjwa hasikii kitu. Plasta ya jasi haiuzuii uga huo. Mwaka 1979 mamlaka ya dawa na vyakula ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa cha aina hii kwa mifupa iliyokataa kuunga.

Tazama waliidhinisha kwa ajili ya nini: mifupa iliyokataa kuunga, si mfupa uliovunjika jana.

Kuna vitu vitatu vinavyochanganywa na kifaa hiki.

Cha kwanza ni bangili, soksi na mikanda yenye sumaku tuli. Hivi havina betri wala havichajiwi, kwa hiyo havitoi mapigo. Kitu kisichotumia umeme hakiwezi kuwa kifaa tunachokizungumzia hapa, hata boksi lake likiandikwa nini.

Cha pili ni mashine za kutekenya misuli kwa vibandiko vya ngozi. Zinaweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini haziungi mfupa. Ukihisi inakutekenya, ujue ni hiyo.

Cha tatu ni vifaa vya mawimbi ya sauti, ambavyo hupakwa jeli na kutumiwa dakika 20 kwa siku. Hivi vilipata sifa kubwa, kisha jaribio kubwa la wagonjwa 501 waliovunjika muundi, lililochapishwa mwaka 2016, likaonyesha kwamba havikuharakisha kupona.

Utafiti unaturuhusu kutumaini nini

Kwa mfupa mpya, jibu ni fupi. Australia ilifanya jaribio kwa wagonjwa 259 waliovunjika muundi, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Nusu walivaa kifaa kinachofanya kazi na nusu walivaa kinachofanana nacho lakini hakitoi mapigo, kwa saa 10 kila siku, wiki 12. Waliovaa kifaa hai hawakupungukiwa na haja ya kurudi kupasuliwa. Basi, mtu akivunjika leo, msimnunulie mashine.

Kwa mfupa uliochelewa, habari ni nzuri kidogo, lakini haina uhakika. Mwaka huohuo 2011 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu wakapata manne tu, yenye watu 125 kwa jumla. Walihitimisha kwamba kifaa huenda kinasaidia, ila ushahidi hautoshi kusema kwa hakika. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, uliokusanya majaribio 15 ya vifaa vya umeme kwa matatizo mbalimbali ya mfupa, si kuchelewa pekee, ulionyesha kwamba wenye vifaa walikuwa na picha za eksirei nzuri zaidi na maumivu pungufu, lakini hawakutembea wala kufanya kazi vizuri kuliko wenzao.

Kwa hiyo mimi nakishauri kifaa hiki kwa mtu mmoja tu: yule ambaye mfupa wake umenyooka, umetulia, hauna usaha, na bado unasuasua, huku daktari wa mifupa akimfuatilia. Wengine wote wana jambo la haraka zaidi la kulipia.

Mfupa umechelewa lini?

Miezi mitatu ya muundi si kuchelewa. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi kati ya mwezi wa nne na wa sita. FDA yenyewe imekuwa ikitumia kipimo hiki: miezi 9 tangu kuvunjika, na picha za miezi mitatu ya mwisho hazionyeshi mabadiliko yoyote. Bila picha mbili zilizopigwa nyakati tofauti, hakuna mtu anayeweza kusema mfupa wako umekwama, awe daktari, muuzaji au mganga wa mifupa wa kijijini.

Hatua za kufuata kabla ya kununua

1. Kusanya picha zako zote za eksirei, hata ile ya siku ya kwanza. Andika tarehe nyuma ya bahasha ya kila moja.

2. Piga picha mpya, ya mbele na ya ubavu. Picha ya upande mmoja huficha mfupa uliopinda. Kabla ya kupanda pikipiki au teksi kwenda Beni au Butembo, omba mtu apige simu aulize kama mashine ya eksirei inafanya kazi siku hiyo na kama filamu zipo. Simu moja inaokoa safari nzima.

3. Muulize daktari maswali manne, umwombe ajibu kwenye karatasi: Ncha zimekutana? Mfupa unatikisika? Kuna dalili za usaha ndani? Pengo kati ya ncha ni kiasi gani?

4. Jibu lolote likiwa baya, acha habari ya mashine. Unahitaji upasuaji, au usafishaji wa mfupa, au kufungwa upya. Omba barua ya kuhamishwa.

5. Majibu yote yakiwa mazuri, uliza: "Daktari, utanifuatilia kwa picha nikikitumia?" Akisema hapana, usinunue. Kifaa bila picha ni kubahatisha.

6. Hapo ndipo utafute bei. Nchini Marekani kifaa kilichoidhinishwa kwa mifupa hugharimu maelfu ya dola, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Ukiuziwa "kilekile" kwa dola 40, unachouziwa si kilekile.

KISANDUKU: Wasiofaa kutumia

☐ Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, au kifaa kingine cha umeme mwilini
☐ Mama mjamzito
☐ Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua
☐ Mwenye kidonda kinachotoa usaha, au mfupa unaoonekana nje
☐ Ambaye mguu unapinda penye mvunjiko, kana kwamba pameota goti la pili
☐ Mwenye pengo kubwa kati ya ncha. Vijitabu vingi huweka mpaka wa sentimita 1
☐ Mwenye uvimbe wa saratani mahali hapo
☐ Aliyefungwa vyuma vya nje vya aina inayovutwa na sumaku, mpaka daktari aseme

Ukikutana na muuzaji

Kasindi ni mji wa bidhaa. Kila siku malori yanavuka daraja la Lubiriha kutoka Mpondwe, na ndani yake mna kila kitu. Kifaa kikishalipiwa ushuru wa forodha kwa DGDA na kukaguliwa na OCC, muuzaji anaweza kukuonyesha karatasi zenye mihuri. Ziheshimu karatasi hizo kwa kazi yake: zinahusu bidhaa kuingia nchini. Hazithibitishi kwamba kifaa kinaponya mfupa. Muhuri wa forodha na ushahidi wa tiba ni vitu viwili tofauti.

Muulize haya, usikilize anavyojibu:

- Kinatumia betri au chaja? Kama hakitumii, ondoka.
- Kimeandikiwa tatizo gani? Kifaa cha kweli hutaja mfupa uliochelewa kuunga. Kinachotibu mfupa, sukari, presha, uzazi na macho kwa pamoja ni cha kukimbia.
- Kinavaliwa saa ngapi kwa siku? Kulingana na aina, jibu la kweli huwa ni kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa kila siku, kwa miezi. "Dakika tano, siku saba" si jibu la mfupa.
- Kiliwahi kutumiwa na mtu mwingine? Hapa uwe macho sana. Vifaa vingi vya mifupa hutengenezwa kwa mgonjwa mmoja na hupangwa vizime vyenyewe baada ya muda wa matumizi kwisha. Cha mkono wa pili kinaweza kuwaka taa na kisitoe pigo lolote.
- Nikikirudisha baada ya daktari kukikataa, utanirudishia pesa? Aandike.

Wengine hujaribu kifaa kwa redio ndogo: ukiisogeza karibu na koili ikakwaruza, umeme unapita. Ni kweli, lakini mkwaruzo hauonyeshi kama kipimo cha mapigo ndicho kinachotakiwa.

Ukishakubaliana na daktari: namna ya kukitumia nyumbani

1. Daktari, akitazama picha, aweke alama juu ya plasta au ngozi mahali penye mvunjiko. Koili ikiwekwa pembeni ya mvunjiko, mapigo hayafiki panapotakiwa.

2. Panga saa zako. Wengi huona usiku ni rahisi, kwa kuwa umelala na mguu umetulia. Usigawanye muda kwa vipande vidogo bila kuuliza.

3. Panga umeme. Anayepata umeme wa maji wa Mutwanga ana nafuu. Anayetegemea sola achaji mchana, na ajue kwanza betri yake inabeba saa ngapi. Usivae kifaa kikiwa kwenye chaja, ila kama kijitabu kinaruhusu.

4. Weka daftari. Kila asubuhi andika tarehe, saa ulizovaa, na maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10. Daktari akiona daftari atajua kama kifaa kilishindwa au hakikuvaliwa.

5. Weka simu, kadi za benki na saa ya mkononi mbali na koili.

6. Piga picha kila baada ya wiki nne hadi sita. Miezi mitatu ya kuvaa sawasawa ikipita bila mabadiliko, simamisha. Usiongeze mwezi wa nne kwa matumaini. Rudi ukazungumze habari ya upasuaji.

Kifaa hakikupi ruhusa ya kukanyaga. Kosa kubwa ninalotaka ulikwepe ni hili: mtu anavaa mashine usiku, asubuhi anatupa magongo kwa kuwa "inatibu". Uzito unakanyagwa kwa ruhusa ya daktari tu.

KISANDUKU: Hatari, usisubiri asubuhi

Ondoka nyumbani sasa hivi kwenda kituo cha afya ukiona:

☐ Maumivu yanayozidi kila saa, hata dawa hazishiki, hasa ukinyooshewa vidole
☐ Vidole vya mguu au mkono baridi, vyeupe au vya rangi ya bluu
☐ Ganzi, au vidole kukataa kusogea
☐ Harufu mbaya, usaha, au plasta inayolowa kutoka ndani
☐ Homa pamoja na mguu unaovimba

Dalili tatu za kwanza zinaweza kuwa za plasta au vibao vilivyobana, au uvimbe unaobana ndani ya misuli. Mguu unaweza kufa kwa saa chache. Mkiwa mbali na hospitali, mwambieni muuguzi aliye karibu apasue plasta yote kwa urefu, pamoja na pamba na bandeji za ndani.

Kwa waganga wa mifupa wa kijijini

Nawaheshimu, na najua familia nyingi huanzia kwao, kwa kuwa wako karibu na wanalipwa kidogokidogo. Mawili tu nawaomba. Msikande mfupa uliovunjika, kwa kuwa kukanda kunavunja kiungo laini kilichoanza kujengwa. Na mkifunga vibao vya mwanzi, acheni vidole vikionekana, mvipime kila baada ya muda. Ngozi ikichanika juu ya mfupa, huyo si wenu. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kuzuia vijidudu inatakiwa ndani ya saa tatu za kwanza.

Pesa iende wapi kwanza

Ukiwa na pesa za kununua mashine, tayari una pesa za mambo yafuatayo, na yote yana uhakika kuliko mashine.

Picha mbili na kumwona daktari wa mifupa. Hospitali kuu ya rufaa ya Beni, na hospitali za Matanda na Katwa mjini Butembo, ni pa kuanzia. Upande wa Uganda, Bwera ndiyo iliyo karibu kabisa na mpaka, na Kagando iko mbele kidogo katika wilaya hiyohiyo ya Kasese. Kwa mfupa mgumu sana ipo CoRSU ya Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, hospitali inayoshughulika hasa na mifupa na urekebishaji wa viungo. Goma ina HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, lakini tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23, kwa hiyo uliza hali ya njia kabla ya kufikiria safari hiyo.

Ukivuka mpaka, beba barua ya kuhamishwa, picha zote, kitambulisho chako na orodha ya dawa unazotumia. Barua zetu ni za Kifaransa na daktari wa Kasese anafanya kazi kwa Kiingereza, lakini picha ya eksirei wote wawili wanaisoma. Usiiache nyumbani.

Upasuaji wa msumari wa ndani ya mfupa. Kwa muundi au paja lililokataa kuunga, msumari unaopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa unauweka mtulivu, nao utulivu ndio uliokuwa umekosekana. Shirika la SIGN Fracture Care la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutengeneza misumari inayoweza kuwekwa bila ile mashine ghali ya picha ya chumba cha upasuaji, na huitoa kwa hospitali za nchi maskini ili mgonjwa asilipie msumari wenyewe. Uliza kila hospitali unayofika: "Mna misumari ya SIGN?" Ni swali lisilo na gharama.

Chakula. Maharage, mayai, sombe, samaki wa Kyavinyonge, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Mwili haujengi mfupa kwa fufu peke yake.

Kuacha tumbaku. Moshi wa sigara hubana mishipa midogo ya damu, na wavutaji huchelewa kuunga. Hili ni bure, na kwa maoni yangu lina nguvu kuliko koili yoyote.

Kupima sukari. Kisukari kisichotibiwa huchelewesha mfupa na kidonda pia.

Na sindano za diklofenaki za kutuliza maumivu: usizitumie wiki baada ya wiki bila daktari. Tumbo na figo zinaumia, na kuna shaka kwamba matumizi marefu huchelewesha mfupa.

Vidonda na viungo vinavyouma

Vifaa vya aina hii huuzwa pia kwa vidonda vya miguu na magoti ya wazee. Kwa goti, baadhi ya majaribio madogo yameonyesha maumivu kupungua kiasi. Mazoezi ya kuimarisha paja yana ushahidi mkubwa zaidi na hayauzwi. Kwa kidonda kisichopona, kwanza kisafishwe, mgonjwa apimwe sukari, na ichunguzwe kama damu inafika. Usifunike kidonda chenye usaha kwa koili.

Kama unasoma haya na mguu wako una miezi sita bila picha mpya, usitafute mashine wiki hii. Tafuta nauli ya kwenda kupiga picha, na umwombe daktari akuandikie majibu ya yale maswali manne.